Hospitali Iliyojua Kuomba

Ewoi ameniomba niandike. Ewoi ndiye aliyebaki na funguo za chumba chetu cha kuchemsha vyombo vya upasuaji hapa Lodwar, na anasema vijana walio chini yake hawajui kazi hii ilikotoka. Nilimwambia mimi niliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe sikulimaliza vizuri. Akasema, "Mama Akai, andika tu vile unaongeaga. Makosa tutasamehe." Basi makosa mmeshasamehe kabla hamjayaona, msinirudie. Anataka hasa habari ya Nakiru, yule mama aliyekaribia kurudi malishoni na uvimbe wake tumboni. Nitafika huko, lakini siwezi kufika bila kupitia Kakuma kwa Sista Klara. Na mahali ambapo sikuona kwa macho yangu, nitasema sikuona.

Nilianza kazi Kakuma, katika hospitali ndogo ya misheni, wakati kambi ya wakimbizi ilikuwa bado na maturubai mengi kuliko mabati. Aliyeniandika ni Sista Klara, mtawa kutoka ng'ambo, mwanamke mrefu aliyetembea haraka kama mtu aliyeacha kitu motoni. Kiswahili alikisoma kwenye kitabu, kwa hiyo kilikuwa kizuri kuliko chetu sote, na tulimcheka kwa sababu hiyo.

Siku ya kwanza alinipa beseni la glavu. Nyinyi leo glavu mnavaa mara moja mnatupa. Sisi tulikuwa tunaziosha kwa sabuni, unaifunga kila moja mdomo, unaiminya karibu na shavu usikie kama kuna tundu linapumua, halafu unazianika kwenye waya, zikikauka unazipaka poda, unazifunga kwenye kitambaa, zinaingia kwenye mvuke. Nilizianika vizuri, vidole chini, waya mzima. Kina mama waliokuwa wakipita na watoto mgongoni wakasimama kwenye ua. Mmoja akaniuliza, "Hao watu mmewakata mikono, walifanya nini?"

Nilikuwa mgeni kazini na nilitaka kuonekana najua mambo. Nikamwambia ni walioiba dawa.

Habari ilifika sokoni kabla ya glavu kukauka. Kwa muda hakuna aliyegusa hata kipande cha sabuni pale hospitalini, na kusema kweli Sista alipenda hiyo sehemu. Lakini wagonjwa nao walipungua, kwa hiyo akanipa glavu mbili nikazungushe sokoni, kila mtu aivae aone ni mpira. Hivyo ndivyo watu wa Kakuma walinijua: yule msichana wa mikono.

Chombo chetu kikubwa kilikuwa sufuria ya mvuke, nene, yenye mfuniko wa kufunga kwa skrubu pande zote, juu ya stovu ya mafuta ya taa. Sista alinifundisha kuisikiliza. Ikipiga mluzi mwembamba ni sawa. Ikikohoa, ondoka kwanza ndipo ufikirie. Alinifundisha pia kutoharakisha kitambaa kukauka, kwa sababu kitambaa chenye unyevu kinakaribisha uchafu hata kama kimetoka motoni. "Akai," aliniambia, "mgonjwa hatakuona kamwe. Kwa hiyo ni lazima wewe umwone kabla hajafika." Nilichelewa kuelewa. Nadhani alimaanisha kwamba ninapofunga pakiti nifikirie tumbo la mtu, nisifikirie chakula cha mchana. Mara nyingi nilifikiria vyote viwili.

Sasa niseme habari ya kuomba, maana ndiyo kiini. Kwetu Waturkana kuomba si aibu. Unamwomba mtu wako, naye anakuomba. Leo tumbaku, kesho mbuzi, kesho kutwa shanga za shingoni. Mara anakupa, mara anakunyima, mnatukanana kidogo, mnacheka. Mtu ambaye hakuombi kitu si mtu wako. Wageni wengi hili liliwachosha. Walisema watu hawa wanaomba omba kila saa. Sista naye mwanzoni lilimchosha, alinikubalia mwenyewe.

Lakini nilimwona akijifunza. Mama mmoja aliletwa na uvimbe wa tumbo, ule ugonjwa unaotoka kwa mbwa na kukua ndani kama mfuko wa maji. Kwetu ulikuwa mwingi, kwa sababu mbwa na mtoto hulala pamoja na mbwa ndiye humsafisha mtoto kwa kumlamba. Misheni ilikuwa inaita madaktari wa upasuaji wanakuja kwa ndege, wanapasua bure. Yule mama alikuja na binti yake mdogo akiwa ameshika vazi la ngozi la mama yake kwa nyuma. Akamtazama Sista kutoka juu mpaka chini, akaanza.

"Nipe dawa. Nipe blanketi. Nipe na hiyo miwani."

Sista akasema, nami nikatafsiri, "Miwani sikupi, nitagonga ukuta. Dawa nakupa, blanketi nakupa. Na wewe nipe tumbaku."

"Kwani wewe unakula tumbaku?"

"Sili. Naomba tu."

Wadi nzima ilicheka. Yule mama akafungua kifundo chake cha tumbaku akamkatia kipande, na Sista akakipokea kwa mikono miwili, akaenda akampa bibi mmoja wa kitanda cha mwisho aliyekuwa akililia tumbaku tangu asubuhi. Tangu hapo kila mgonjwa alimwomba Sista, na Sista alimwomba kila mgonjwa: wimbo, maziwa, jina la ngamia. Yule mama alipasuliwa akapona. Binti yake aliyeshika ngozi ndiye Nakiru.

Mtu wa pili ninayemshukuru ni Mchungaji Deng, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Siku za wiki aliuza chai na maandazi sokoni kambini, Jumapili alihubiri, na katikati alileta wagonjwa hospitalini na kuwatafsiria. Yeye na Sista walipenda kukaa kwenye benchi chini ya dirisha langu, na hapo walibishana miaka yote niliyokuwa Kakuma. Ubishi ulikuwa mmoja tu: nani anapaswa kumtibu maskini, kanisa kwa sadaka au serikali kwa kodi. Mngetegemea mchungaji awe upande wa sadaka. Hapana.

"Sista, hii kitu yenu ni mzuri," Deng alisema. "Lakini ni ya moyo. Moyo ya mtu inaweza kuchoka. Serikali lazima itoe hata kama moyo imechoka."

"Serikali ninazozijua mimi, Mchungaji, huchoka kabla ya saa nne asubuhi."

"Wewe cheka. Mimi natoka mahali serikali ilikuwa hakuna. Kanisa ilikuwa iko, sadaka ilikuwa iko, na watu walikufa na sadaka mkononi."

Sista akakoroga chai yake. Nilisikia kijiko tu kwenye kikombe.

Siku nyingine Deng alimwonyesha mama mmoja Msomali aliyesimama nje juani na mtoto anayekohoa. Tulikuwa tunafungua kliniki kwa sala na mahubiri mafupi kwenye baraza, na yule mama alikuwa akingoja tumalize. "Hakuna mtu amemfukuza," Deng alisema. "Mimi najua. Lakini yeye amesimama na jua. Kwa hospitali ya serikali angekaa kwa benchi." Asubuhi iliyofuata sala haikuwa barazani tena. Tulisali ndani, wafanyakazi peke yetu, na benchi zikaachwa kwa wenye kukohoa. Sista hakutangaza wala hakueleza.

Ila nisimwonee Sista. Deng mwenyewe alikiri kuna kitu alichokuwa nacho Sista ambacho hakuna ofisi iliyo nacho. Alimjua kila mtu kwa jina, na jina la ng'ombe wa babake. "Hiyo," Deng alisema, "sijui kama serikali itaweza." Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na mimi nilikuwa dirishani na mvuke usoni, nikikubaliana na aliyesema mwisho.

Halafu wale waliokuwa wakichanga huko ng'ambo walizeeka, na watoto wao hawakuijua Kakuma. Wakati huohuo serikali za kaunti zilikuja, Lodwar ikapata ofisi zake na hospitali ikapanuka. Shirika la Sista likaamua kuikabidhi hospitali kwa serikali. Mimi nilikasirika. Nilimwambia anatutupa. Alikuwa akikunja mashuka, hakuacha.

"Nilikuja kwa sababu hapakuwa na mtu, Akai. Sasa kuna mtu. Nikiendelea kukaa nitakuwa nakaa kwa ajili yangu."

Sijui mpaka leo kama aliamini maneno hayo au alikuwa akijituliza. Huenda yote mawili. Aliwazungusha watu wa kaunti chumba kwa chumba, na alipofika kwangu akawaonyesha sufuria ya mvuke, akasema, "Hii inaendeshwa na huyu. Mkiichukua hii, mchukueni na yeye." Wakanichukua, na pale getini aliponiaga, aliniomba kitambaa changu cha kichwa. Nilimpa. Alikivaa juu ya shela lake la utawa, akaingia kwenye gari hivyohivyo.

Upasuaji mkubwa ukahamia Lodwar, nami nikahamia. Mashine ya Lodwar ni ya stima, inalia yenyewe ikimaliza, na ina taa. Wiki za kwanza niliiwekea sikio kama ile ya zamani, mpaka Ewoi akaniuliza kama inanisengenya. Glavu zilikuwa zinatupwa, na nilizitazama zikiingia kwenye pipa kama mtu anayetazama mbuzi wake wakivushwa mto na watu wengine. Lakini lazima niseme, mikono yangu ilipona. Ile sabuni ya Kakuma ilikuwa imeichubua kwa miaka.

Ule ubishi wa benchi niliukuta Lodwar, kwenye chumba cha chai. Bima mpya ya serikali ilikuwa imeanza kusemwa. Mmoja alisema mfugaji anayehama na mbuzi hawezi kulipa kitu kila mwezi kwa simu asiyo nayo. Mwingine akasema misheni haikugoma hata siku moja. Ewoi akamjibu, "Mgomo huisha, watu wakarudi kazini. Ile thieta ya upasuaji ya misheni ilipofungwa, nani amerudi?" Nilikunywa chai yangu. Nilikuwa nimelelewa na mmoja na kulishwa na mwingine, ningesema nini?

Ndipo akaja Nakiru.

Sasa alikuwa mama mzima, na tumbo lake upande wa kulia lilikuwa limejaa kama la mamake zamani. Alikuwa ametembea kutoka milima ya upande wa Uganda mpaka Kakuma, kwenye lango lilelile, akimtafuta Sista. Hakumpata. Aliyempata pale ni Deng, bado anauza chai, mvi kichwa kizima. Deng ndiye aliyewaleta Lodwar, Nakiru na mumewe Ebei, na ndugu za Ebei wawili.

Daktari wetu wa upasuaji wakati huo alikuwa Daktari Nekesa, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alimpima kwa mashine ya picha, akasema mfuko uko kwenye ini na umekuwa mwembamba. Akianguka vibaya, au punda akimpiga teke, utapasuka ndani na anaweza kufa palepale. Atapewa vidonge kwanza, halafu apasuliwe. Kijana wa kuandikisha alishughulikia mambo ya bima kwa upole kabisa, sina la kumlaumu. Alimwambia Nakiru, nami nikitafsiri, "Mama, huna haja ya kuomba. Hii ni haki yako."

Nakiru alitoka nje akakaa kwenye kivuli cha ukuta. Nikamfuata.

"Ejok?" nikamsalimia.

"Ejok. Mwenye hapa ni nani?"

"Ni ya serikali."

"Serikali ni mtoto wa nani?"

Nikakaa chini kando yake.

"Mama yangu alimwomba yule mwanamke wa miwani," akasema. "Yule alikuwa mtu. Alipokea tumbaku yetu. Mimi hapa nimwombe nani?"

"Humwombi mtu. Unapewa tu."

"Watu hawapewi tu. Anayekupa kabla hujamwomba anataka kitu na hajakisema. Tutaondoka kesho."

Deng alijaribu. Alimweleza kodi ni nini, haki ni nini, alieleza vizuri sana, kwa Kiswahili chake cha kambi na mimi nikigeuza kwa Kiturkana. Nakiru alimsikiliza kwa heshima, akamuuliza kama ana sukari. Deng akaja kukaa kwenye kizingiti changu.

"Miaka yote mimi nasema serikali, serikali," akasema. "Sasa serikali iko, bima iko, daktari iko, na mama anakataa. Sista angecheka."

"Tumwambie Sista yuko ndani," nikasema. "Kwamba ndiye mwenye hospitali."

"Mama Akai! Mimi ni mchungaji."

Nilifurahi kwamba mmoja wetu ni mchungaji.

Vidonge alivimeza kwa sababu Ebei alimsihi, na kuondoka kukaahirishwa, kesho hadi kesho. Kisha Daktari Nekesa akatokea kwenye baraza akiwatafuta jamaa. Alitaka damu. Upasuaji wa ini unaweza kutoa damu nyingi, na ya kundi lake haikuwepo ya kutosha. Nilimkimbilia nikamzuia njiani.

"Daktari, tafadhali usiwaombe damu. Hawa tayari wameogopa. Wataenda leo hii."

"Mama Akai, bila damu simgusi. Afadhali wakimbie wao sasa kuliko mimi kukimbia katikati."

Akanipita. Akachuchumaa mbele yao, koti jeupe likigusa vumbi, akasema, "Naomba damu."

Nilitafsiri kwa sauti ya chini, nikitumaini hawatasikia.

Nakiru aliinua kichwa. "Nani anaomba?"

"Mimi. Na hospitali."

"Mnaomba damu yetu?"

"Ndiyo. Yenu. Hatuna ya kutosha."

Ebei akaanza kucheka, na ndugu zake wakacheka. Mnajua sisi ng'ombe na ngamia tunawatoa damu. Tunafunga shingo kwa kamba, tunapiga mshipa kwa mshale mdogo, tunakinga, tunafungua kamba, na mnyama anarudi zake kula. Hakuna Mturkana asiyejua kazi hiyo.

"Mshale wenu uko wapi?" Ebei akauliza.

"Tuna sindano," daktari akasema.

"Na kamba mtanifunga shingoni?"

"Mkononi."

"Halafu mnifungulie nikale majani?"

"Utapata soda na biskuti."

"Soda mbili."

"Soda mbili," akasema Daktari Nekesa, bila kutabasamu.

Nakiru alikuwa bado anamtazama. Uso wake ulikuwa umebadilika, ule wa kusafiri ulikuwa umekwisha. "Sasa na mimi naomba," akasema. "Nitoe hii kitu tumboni. Nipe blanketi. Nipe na hiyo kalamu."

"Kitu nitakitoa. Blanketi liko. Kalamu sikupi, ninayo moja."

"Basi kesho nitaiomba tena."

Wakaingia ndani kupimwa damu, Ebei mbele, mkono wa shati umeshakunjwa. Mimi nilibaki nimesimama pale na aibu yangu. Nilikuwa nimetaka kuwakinga na kitu kilekile walichokuwa wakikingoja.

Siku ya upasuaji nilifunga pakiti zake mwenyewe, zile za shashi za kulowekwa maji ya chumvi kali na kuzungushia uvimbe, ili ukivuja usimwagikie ndani. Kila pakiti nilibandika ule utepe unaotoa mistari myeusi mvuke ukiufikia, na kila mstari niliutazama mara mbili. Safari hii sikufikiria chakula. Deng alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia: "Mungu, leo saidia serikali. Amina."

Yaliyotokea ndani ya thieta sikuyaona, mimi huwa sioni. Huwa najua kwa vyombo. Vikirudi mapema mno, vingi bado safi, jua mambo ni mabaya. Nilifua, nikakunja, nikafunua nilichokunja nikakikunja upya. Vilirudi mchana umeshageuka, vyote vimetumika, na nesi akapitisha kichwa dirishani. "Uvimbe umetoka mzima. Haukupasuka." Deng akakaa chini, pale pale sakafuni, akavaa kofia yake.

Nakiru alikaa wadini mpaka akapata nguvu, na kila siku aliomba kalamu. Siku ya kuondoka Daktari Nekesa alimpa.

Sitaki mseme Mama Akai ameandika kwamba serikali imeshinda, au kwamba sadaka imeshinda. Nakiru ni mmoja. Wako waliofika kwetu wakaambiwa subiri, wakachoka kusubiri. Wako waliofika lango la misheni baada ya thieta kufungwa. Deng anasema alikuwa sahihi tangu mwanzo. Naamini Sista angesema hivyohivyo juu yake mwenyewe. Mimi nawashukuru wote wawili, na nawashukuru nyinyi mlionivumilia nikiongea na mashine.

Ila niwape hili la mwisho. Wiki yangu ya mwisho kazini Nakiru alirudi kuangaliwa, na chombo cha mbao cha maziwa begani. Daktari Nekesa alikuwa ameshaondoka kwenda kusoma zaidi. Mahali pake palikuwa na daktari kijana, mgeni Turkana. Nikafikiri sasa atauliza tena serikali ni mtoto wa nani. Akaingia, akaweka chombo chini, akafunua tumbo na kovu lake, akasema maneno machache.

"Anasema nini?" daktari akaniuliza.

"Anasema hospitali yako iliomba damu ya watu wake, nao wakaipa. Sasa anaomba umwangalie."

Yule kijana alinitazama, akamtazama yeye. Akanawa mikono. "Mwambie apande kitandani." Akambonyeza taratibu, pande zote, akauliza maumivu, akaangalia picha. Hakuna kitu, akasema. Amepona. Nakiru alipokuwa akijifunga nguo, daktari akachungulia chini.

"Hayo ni maziwa ya ngamia? Sijawahi kuyaonja."

Kabla sijatafsiri, Nakiru alikuwa ameshaelewa macho yake. Akakisogeza kile chombo kwa mguu, kikawa nyuma yake.

"Mwambie aombe," akasema.

Daktari akaomba.